Kabla Swali Halijakufikia

Mwanangu Rahma,

Assalaam alaikum. Utashangaa kuandikiwa barua na mtu ambaye mlango wa chumba chake unatazamana na wako, na ambaye muda si mrefu uliopita alikuwa amesimama mlangoni hapo akikuuliza tena kama pasi ya kusafiria umeitia kwenye mkoba wa mkononi au kwenye begi kubwa. Sasa hivi wewe na shangazi yako mmekwenda Ruwi kutafuta kufuli la begi, na mimi nimebaki hapa mezani na chai iliyopoa. Mbele yako ulimi wangu ni mwepesi kwa habari za pasi na kufuli na sweta. Habari yenyewe ninayotaka kukwambia haitoki. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Mambo ya chakula, dawa na sala sitayaandika. Shangazi yako Zuwena amekwisha kukusomea yote, na mimi nimemsaidia kwa kuyarudia mpaka ukaanza kuyajibu kabla sijamaliza. Unakwenda Kuala Lumpur kusoma. Watoto wa watu wamekwenda huko wakarudi na shahada zao na vitambi, hilo halininyimi usingizi. Kinachoninyima usingizi ni Nassor. Wala si Nassor mwenyewe, maskini, kijana wa watu hana kosa. Ni lile neno nililowapa watu wa kwao, kwamba umekubali kuolewa naye ukirudi mwakani. Neno lile nimelitoa mimi, kwa mdomo wangu, na kila nikilifikiria naona sina hakika kama wewe ulinipa.

Nisikilize basi, na univumilie, maana unajua baba yako akianza jambo huanzia mbali.

Tangu mama yako alipofariki, wewe ukiwa bado unavaa sare za sekondari, mimi na wewe tumekuwa watu wa tamthilia. Ilianza na za Kimisri, zikaja za Kimeksiko, kisha Wakorea wakaingia kwenye dishi letu na wageni wote wakakoma kuja kwetu baada ya magharibi kwa kuwa tulikuwa hatuwajibu. Kiarabu changu unakijua. Nimekuja huku Maskati mtu mzima kutoka Unguja, nimekiokota ofisini, na mpaka leo nikisimama kusema kwenye mkutano wa wizara wenzangu hutabasamu kwa adabu. Kuyasoma yale maandishi yanayokimbia chini ya kioo ni kazi inayonishinda. Kwa hiyo ukawa unanitafsiria, na Wakorea wote, wazee kwa watoto, wakawa wanazungumza Kiswahili kwa sauti yako.

Ile tamthilia ya mshenga ndiyo tuliyoipenda kuliko zote. Yule mwanamke mfupi mwenye ofisi mjini Seoul, makabati yamejaa picha za wanaotaka kuoa na kuolewa, anawaunganisha watu asubuhi na jioni huku yeye mwenyewe anakula tambi peke yake akiwa amesimama jikoni. Tulimpa jina la Bi Zuwena wa Korea, na shangazi yako alipojua alinuna. Mimi nilikuwa siwezi kukaa nikatulia.

"Anasemaje huyo bibi mwenye mkufu?"

"Anasema mwanawe hali samaki, Baba, kwa hiyo mwanamke asiyejua kupika nyama asijisumbue kuja."

"Hebu! Na huyo kijana hana mdomo?"

"Ngoja basi, Baba, mbona una haraka!"

Haraka ninayo, ni kweli, na haraka hiyo ndiyo iliyotufikisha hapa.

Shangazi yako alikuja na habari ya Nassor siku ya Alkhamisi, wewe ukiwa kazini. Hakukaa hata kitako vizuri. Akanambia, "Kaka, nnakwambia, mtoto huyu akikupita utajuta. Watu wetu hawa. Wanakaa Sidab, babake ni Khalfan, rafiki yako mwenyewe. Lugha yetu moja, chakula chetu kimoja, hatakuja kumcheka mwanao akisema Kiarabu cha Kiunguja. Unataka nini tena?" Nami kwa kweli nilikuwa sitaki kitu tena. Khalfan nimesoma naye chuo cha Kurani kule Unguja tukiwa na kanzu tunazoziburura, tukapotezana, tukakutana tena huku tukiwa na ndevu. Kila Ijumaa tunakunywa kahawa pamoja.

Hata hivyo nikafanya inavyotakiwa, nikaanza kuulizia. Nilikwenda kusali Sidab nikakaa na imamu. Nikamuuliza kinyozi wa Kibaluchi anayemkata nywele. Nikampata mtu anayefanya naye kazi bandarini. Wote wakanambia anasali, havuti sigara, si mwepesi wa hasira, mamake akimwita hujibu mara ya kwanza. Bado sikutosheka. Siku moja, na hili hulijui mpaka leo, nilimfuata dukani nikajificha nyuma ya magunia ya mchele ili nisikie anavyomsemesha mwenye duka. Alisema naye vizuri. Tatizo likawa mimi, maana mwenye duka aliniona nimechutama akadhani nimeanguka, akaniletea maji. Niliporudi nyumbani nilijisifu kwamba hakuna baba aliyeuliza kama mimi. Nimeuliza Sidab nzima, Rahma, na mtu mmoja tu sikumuuliza sawasawa.

Maana nilivyokuuliza wewe unakumbuka. Tulikuwa sebuleni, shangazi yako amekaa na wewe paja kwa paja. Nilisema maneno mengi kama namuaga mkurugenzi anayestaafu. Nikataja ukoo wao, tabia yake, kazi yake, urafiki wangu na babake, nikataja hata nyumba yao ilivyo na hewa. Mwisho kabisa nikasema, "Basi, mama, unasemaje?" Ukaangalia zulia. Niliiona midomo yako ikiachana kidogo. Shangazi yako akakupigapiga begani, akasema, "Anaona haya, kaka, mwache. Kanyamaza, karidhika. Na sisi si ndivyo tulivyoolewa? Khalas, mpigie Khalfan."

Simu nilikuwa nayo mkononi. Nilikuwa nimeishika tangu kabla sijakuuliza.

Khalfan aliposikia alipiga kelele, "Alhamdulillahi! Yakhe, sasa tumekuwa ndugu wa kweli!" na nyuma yake wanawake wakapiga vigelegele mpaka nikaiweka simu mbali na sikio. Nilipoinua macho ulikuwa umekwisha kuondoka, nikasikia maji jikoni, unaosha gilasi. Nikajiambia hiyo ni haya. Kwetu mwari akiulizwa habari ya ndoa akanyamaza, huhesabiwa kuwa amekubali, haya zimemzuia kusema. Siitukani desturi hii. Wako wengi wanaonyamaza kwa haya kwelikweli na moyoni wanacheka. Lakini aliyeiweka desturi hii alidhani baba atakaa, atangoja, atamtazama mwanawe usoni. Sidhani kama alimfikiria baba mwenye simu mkononi.

Wiki ileile ndipo kilipoonyeshwa kile kipindi. Bila shaka unakijua ninachokisema. Mshenga amewakutanisha kijana na msichana kwenye hoteli kubwa, na kila mmoja amekuja na mama yake. Akina mama wawili wamevaa wakapendeza, vijana wawili wamekaa katikati kama mizigo. Mama wa kijana anauliza, mama wa msichana anajibu.

"Anapenda kupika?"

"Tangu mdogo."

"Watoto anapenda?"

"Kupita kiasi."

"Ataweza kukaa na wakwe?"

"Ndiyo dua yake kila siku."

Na kila yule msichana akiinua kikombe anywe chai yake, mama mmoja humgeukia, naye hukishusha ainamishe kichwa. Kijana wa watu anajifuta jasho mpaka ile karatasi ya mezani inamkatikia usoni. Mwishowe msichana anaomba ruhusa kwenda msalani, anapotea, anapita jikoni kwa wapishi, kiatu kimoja kinanasa kwenye kifuniko cha mtaro, anakiacha anakimbilia kituo cha basi akichechemea. Nilicheka mpaka machozi. Nilijipiga kofi gotini, nikamwaga tende zangu. Na wewe ulikuwa unatafsiri vizuri tu, sauti ya mama huyu, sauti ya mama yule, ila hukuwa unacheka. Hilo nililiona nikaliacha lipite.

Kisha mshenga akamfuata msichana kituoni na kile kiatu mkononi. Akakaa naye kwenye benchi. Akamuuliza, ukanitafsiria wewe mwenyewe, "Kwa nini hukusema kama humtaki?" Msichana akamtazama, midomo ikacheza, maandishi ya Kiarabu yakatokea chini ya kioo. Nawe hukusema kitu.

"Anasemaje?" nikakuuliza.

"Hasemi kitu, Baba."

"Si yamepita maneno hapo?"

"Hasemi kitu," ukaniambia, ukakusanya vikombe ukaondoka, na mchezo haukuwa umekwisha.

Rahma, miaka yote ya tamthilia hukuwahi kuniachia neno. Hata matangazo ya sabuni ulikuwa unanitafsiria. Usiku ule nilijigeuza kitandani nikitafuta sababu. Umechoka, nikasema. Kichwa kinakuuma. Asubuhi nilipiga simu kazini nikasema goti linaniuma, jambo ambalo halikuwa uongo mkubwa kwa namna nilivyolipiga, na ulipokwisha kutoka nikafungua marudio. Nilivuta kiti karibu na kioo kama mtoto, nikavaa miwani yangu ya kusomea. Maandishi mengi yalinikimbia. Lakini pale penye benchi sentensi ilikuwa fupi, tena iliachwa kwa muda kwa kuwa yule msichana alikuwa ameanza kulia. Nikaisoma neno kwa neno. Alisema: "Sijui kama simtaki. Kila swali lilijibiwa kabla halijanifikia."

Nilikaa pale mpaka matangazo yakaisha na kipindi kingine kikaanza. Mpaka leo sijui yule msichana aliishia wapi. Kipindi kilichofuata hadithi ilihamia kwa mshenga na yule daktari wake wa kugombana naye, na mimi nikawa nangoja kila siku labda watamrudisha. Hawakumrudisha. Nilikuwa na hamu ya kujua kama alirudi hotelini, kama yule kijana alimngoja, kama mama yake alimpiga. Unaona mambo niliyoshughulika nayo, mtu mzima, mkuu wa idara. Wakati huo wewe ulikuwa chumba cha mkabala na ningeweza kukugongea mlango.

Badala ya kukugongea nikaanza kukupeleleza. Watu wa Sidab walipoleta pete, udi na halwa, nikakuangalia usoni ukipokea. Ulisema ahsante. Lakini ahsante ni adabu, nimekulea hivyo, hata ukipewa shubiri utasema ahsante. Juzi nilikusikia unacheka kwenye simu, nikafurahi, nikapita mlangoni taratibu, kumbe ni rafiki yako Asma. Kuna siku uliuliza kama Nassor anapenda kusoma vitabu. Neno hilo nimelitafuna wiki nzima. Kama humtaki, kwa nini uulize? Na kama unamtaka, mbona uliuliza kwa sauti ileile unayouliza kama maji yamekatika? Nimekuwa nikizihesabu dalili zako kama mgonjwa anayejipima homa kila baada ya nusu saa, na kila mara naona zinasema kitu kingine.

Ubaya ni kwamba nilikuwa nimekwisha kuambiwa. Ulikuwa mdogo, umelala kiti cha nyuma na mdomo wazi, tunakwenda Yiti kutembea siku ya Ijumaa. Barabara yenyewe wakati huo ilikuwa vumbi na mawe, milima kulia na kushoto. Mama yako alikuwa anamenya chungwa. Bila kuniangalia akasema, "Unajua, Sleiman, mimi sikukubali kuolewa na wewe."

Nikakanyaga breki, vumbi likatufunika.

"Hukukubali vipi, na mimi si nimekuoa?"

"Nlinyamaza tu. Bibi kasema nimeridhika, watu wakapiga vigelegele."

"Kwani ulikuwa hunitaki?"

"Nlikuwa nakutaka. Nlikuona kwenye harusi ya binamu yangu, umevaa kanzu imekubana, nikakutaka. Nliitayarisha ndiyo yangu usiku mzima, nliipanga ntavyoisema. Hakuna aliyeingoja."

Akanipa kipande cha chungwa. Alikuwa anatabasamu, lakini macho hayakuwa yanatabasamu sana. Na mimi, mwanangu, nilisikia nini? Nilisikia kwamba alinitaka. Nikafurahi, nikatia gia, nikapiga miluzi mpaka Yiti. Ile nusu iliyonipendeza niliichukua, nusu ya pili nikamwachia mwenyewe. Tuliishi vizuri mimi na mama yako, unajua, sikumbuki siku tuliyolala tumenuniana. Lakini mtu aliyelala nami kitanda kimoja alikuwa na neno lake moja ambalo hakuwahi kupewa nafasi ya kulisema, akanionyesha, nami nikapiga miluzi. Laiti ningemwambia siku ile pale barabarani, "Basi niambie sasa." Ingemchukua pumzi moja tu. Nimelifikiria hilo mno tangu kile kipindi, na linaniuma kuliko goti.

Sasa nikwambie kilichonipa haraka, maana kama nitaficha hili barua yote ni kazi bure. Habari ya chuo chako na habari ya Nassor zilikuja karibu pamoja. Uliponionyesha kwamba umekubaliwa Kuala Lumpur nilikukumbatia, nikakusifu, nikawapigia simu watu mpaka Dar es Salaam. Kisha nikaingia chumbani nikakaa kitandani na viatu vyangu. Nikawakumbuka watoto wa rafiki zangu waliokwenda Uingereza mwaka mmoja na sasa wana watoto huko. Nikaiona hii meza, na mimi peke yangu mbele yake, na tamthilia inapita bila mtu wa kunisomea. Niliogopa, Rahma. Nilikuwa sijaogopa hivyo tangu hospitali ya mama yako. Zuwena alipomtaja Nassor, sikumwona mume wako. Niliona kitu cha kukurudisha Maskati. Kijana mwema, wa watu wema, mwenye nyumba Sidab, mwendo mfupi tu kwa gari kutoka kwangu. Nilitaka uondoke ukiwa umeshafungwa, ili usiende mbali sana. Niliita jambo hilo kukutakia kheri, na kheri ilikuwamo, sikatai. Ila ilikuwa kheri yangu zaidi.

Ukisoma hapa huenda ukanikasirikia. Una haki. Pia huenda ukacheka, ukasema, Baba naye, mimi Nassor namtaka tangu siku ile ya Idi aliponipisha mlangoni. Ikiwa hivyo nitakuwa nimejitesa bure, na nitafurahi kuwa nimejitesa bure. Lakini sitakubali tena kujibiwa na zulia.

Nimekwisha kupiga hesabu ya yatakayonipata, kwa hiyo usinifikirie mimi. Khalfan atakasirika. Ataniambia nimemvunjia heshima mbele ya watu wake, na atakuwa amesema kweli, kwa kuwa kwetu mtu hatoi neno la mwanawe akalirudisha baada ya watu kula halwa. Pete itarudi, udi utarudi. Halwa tumeila, hiyo nitanunua nyingine. Kahawa ya Ijumaa huenda nikainywa peke yangu kwa muda mrefu. Shangazi yako atakoma kuja hapa, atatuma salamu kwa watoto wake tu, na kila harusi atawaeleza wanawake wenzake jinsi kaka yake alivyoharibiwa akili na Wakorea. Yote hayo nitayabeba. Nilibeba simu siku ile, sasa nibebe na haya.

Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba utasoma barua hii uone huruma, useme ndiyo kwa ajili yangu. Wewe ni mtoto wa kufanya hivyo. Ulipokuwa na miaka michache ulikuwa unakula mboga usiyoipenda kwa kuwa umeniona nimeipika mwenyewe, unameza huku machozi yanakutoka, unasema tamu, Baba. Mume si sahani ya mboga. Usimmeze mtu kwa ajili yangu, na usimfanyie Nassor hivyo, maana naye ni mtoto wa watu, anastahili mke aliyemtaka. Na kama nitabaki peke yangu na tamthilia, nitajifunza kusoma haraka. Hata marehemu mama yako alikuwa akinambia Kiarabu changu kinasubiri tu nishikwe na shida.

Barua hii nitakupa mkononi baada ya isha, shangazi yako akishakwenda kwake. Isome ukiwa na mlango umefungwa. Usinijibu leo. Najua nitapita nje ya mlango wako na kukohoa, nivumilie, usinifungulie.

Kesho Zuwena atakuja uwanja wa ndege kwa gari la mwanawe, nimekwisha kumwambia gari letu limejaa mabegi. Kwa hiyo ndani ya gari tutakuwa mimi na wewe tu, kutoka hapa Al Khuwair mpaka uwanjani Seeb. Nitazima redio. Sitatoa hotuba, wala sitamtaja babake, wala nyumba yenye hewa. Nitakuuliza mara moja, unamtaka Nassor? Kisha nitaangalia barabara, na simu nitaiacha kwako, kwenye mkoba wako. Ukisema ndiyo, nitakuomba uirudie, kwa kuwa nitataka kuisikia vizuri. Ukisema hapana, ni hapana. Ukisema hujui bado, nitamwambia Khalfan hujui bado na nitamwomba angoje, na asipotaka kungoja hiyo ni haki yake.

Na ukinyamaza, mama, nyamaza bila hofu. Safari hii nitahesabu kuwa umekataa. Nitakushusha, nitakubusu kichwani, na nitakwenda Sidab moja kwa moja kabla ndege yako haijaruka.

Baba yako,
Sleiman